Jogoo Aliyechanjwa

Mke wangu Muthoni hajawahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Ukimletea maziwa kwenye chupa, chupa itarudi na maharagwe. Ukimwazima sufuria, utaipokea ikiwa na viazi ndani, tena viazi vya kuchagua. Ndivyo alivyolelewa na mama yake kule Nyeri, na miaka yote tuliyoishi hapa Kisaju, kando ya barabara ya Namanga, sijaweza kumtoa katika tabia hiyo. Nilijaribu mara moja tu. Nilimwambia kwamba bakuli la jirani halitalia likirudi lilivyokuja. Alininunia hadi Jumapili, nikaacha.

Nayasema haya kwa sababu watu wa hapa wamezungumza sana kuhusu kuku wa Nalangu, na wako wanaosema kwamba Muthoni alimwonea wivu. Wivu! Ningekuwa bado na umri wa kupigana ningewafuata mmoja mmoja. Muthoni hakuwa na wivu. Alikuwa na adabu, na adabu ndiyo iliyotuchoma.

Muthoni hufuga kuku wazazi, wale wa kienyeji walioboreshwa. Mayai yao huyatia kwenye mashine ya kuangua, na vifaranga wakishapata nguvu huenda Kitengela, Isinya, hata Loitokitok. Mimi ni dereva wa lori mstaafu. Kazi yangu ni kubeba makreti na kulaumiwa. Kuku mwenyewe simpendi. Hukutazama kwa jicho moja kama mtu mwenye kesi nawe.

Mwaka juzi vifaranga walianza kufa. Walikuwa wakianguliwa vizuri, wakila, wakikimbizana ndani ya bruda, kizimba chao cha joto, lakini wakifika wiki ya tatu wanasimama wameinamisha shingo na manyoya yamefumuka, na kabla ya jioni wamekwisha. Mwenye agroveti, duka la dawa za mifugo, akasema ni ugonjwa wa Gumboro, akatuuzia dawa ya Gumboro. Wakafa. Mwingine akasema ni chakula kibovu. Tukabadilisha chakula, wakafa na chakula kipya tumboni. Wateja wakaanza kupiga simu, na Muthoni alizipokea zote mwenyewe, pole, pole, pole sana, mpaka nikamnyang'anya ile simu nikaizima.

Ndipo akaja Daktari Makena. Ni msichana wa Meru, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu, na gari lake limejaa masanduku ya barafu. Anatafiti chanjo za kuku katika maabara moja Nairobi. Alimpasua kifaranga mbele yetu juu ya gunia. Ini lilikuwa limevimba, rangi ya manjano, lina madoadoa ya damu. Moyo ulikuwa umezungukwa na maji ndani ya mfuko wake.

"Mama Joram, hii si Gumboro," alisema. Joram ni kifungua mimba wetu. "Hii ni adenovirusi. Na usioshe hii bruda mpaka mikono itoke ngozi, haitoki hapa. Inatoka kwa mama zao."

Muthoni alikataa kabisa. Mama zao walikuwa wazima, wanataga, wanang'aa. Daktari akamwambia kwamba hapo ndipo ujanja wa kirusi hiki ulipo. Kuku mkubwa anaweza kukibeba bila hata kukohoa, kisha akampitishia mwanawe ndani ya yai. Chanjo za ng'ambo zipo, lakini virusi hivi ni vya aina nyingi, na aina ya kwetu huenda si ya kwao. Alitaka kutengeneza chanjo kutokana na kirusi cha hapa hapa Kajiado. Angekitoa kwenye maini ya vifaranga wetu, akikuze, akiue, kisha awadunge nacho kuku wazazi. Mama akishapata kinga ya kutosha humpitishia mtoto ndani ya yai, kwa njia ile ile aliyokuwa akipitishia ugonjwa. Zilihitajika sindano mbili. Ya kwanza peke yake haina nguvu ya kumfikia mtoto.

Shida ilikuwa mayai. Kirusi hicho hukuzwa katika chembe za ini la kifaranga ambaye bado yumo ndani ya yai, na lazima mama wa yai hilo awe hajawahi kuguswa na adenovirusi maishani mwake. Mayai ya namna hiyo huja kwa ndege kutoka ng'ambo, na aliyokuwa nayo Daktari yalitosha sindano ya kwanza tu. Kwa hiyo alizunguka Kajiado akitoa kuku damu kwenye bawa, boma kwa boma, akitafuta kuku wasafi wa hapa. Kila alikopima alikuta kirusi kimemtangulia, isipokuwa kwa mtu mmoja.

Mtu huyo ni Nalangu. Boma lake liko nyikani, mbele ya Isinya, unaacha barabara na kuendesha mpaka useme umepotea, ndipo unaliona. Kuku wake walitokana na tetea wa marehemu mama mkwe wake, na hakuwahi kununua kuku mwingine wala kuuza sokoni. Wamasai wenzake walikuwa wakimcheka. Wazee wao wa zamani hawakula kuku, na mume wake Lesiamon akiulizwa wale ndege ni wa nani hujibu kwamba ni wa watoto. Sasa gari la maabara likawa linasimama kwake kila wiki, na waliokuwa wakicheka wakawa wanakuja kuchungulia.

Daktari alimwekea waya, maji ya dawa ya kukanyaga mlangoni, na gambuti za mpira zisizotoka nje ya banda. Akamwachia sharti moja: kuku yeyote asiingie humo, hata mmoja. Nalangu akakubali.

Muthoni na Nalangu walikutana kanisani hapa Kisaju, Daktari alipotukusanya wafugaji kutueleza mpango wake. Walikaa benchi moja, wakaanza kuongea mambo ya kuku, na mimi nikangoja kwenye pikapu mpaka jua likanihurumia. Baada ya siku chache Nalangu alishuka langoni petu kutoka kwenye probox, ameshika kondoo jike kwa kamba.

"Takwenya," Muthoni akamwamkia, kwa Kimaa chake cha Nyeri.

"Iko," Nalangu akaitikia, akampa kamba mkononi. "Mama Joram, kwetu mtu akimalizwa na ukame, hatumwambii pole halafu tunaenda. Tunampatia mnyama aanze tena. Wewe umemalizwa na ugonjwa. Shika huyu."

"Haki Nalangu, hii ni kitu kubwa sana. Siwezi."

"Huwezi kukataa. Mnyama ya zawadi haikataliwi, na haichinjwi hivi hivi. Inaingia kwa boma, inazaa. Na kutoka leo usiniite Nalangu. Niite Paker, na mimi nitakuita Paker. Ni jina ya mwenye amepeana kondoo na mwenye amepewa. Tunaitana hivyo mpaka tufe."

Muthoni alilia pale pale langoni, na mimi nikaenda kutafuta mahali pa kumfunga kondoo, maana sijui mwanamume husimama wapi mambo kama hayo yakitokea.

Muda si mrefu Daktari akaleta sindano ya kwanza. Kila kuku aliyedungwa alivishwa pete ya plastiki ya buluu mguuni, na wachache wakaachwa bila sindano wala pete, ili walinganishwe. Muthoni alikuwa akizitazama pete zile asubuhi na jioni. Yangu niliyomvisha kanisani hajawahi kuitazama hivyo. Alijua kwamba ikipatikana sindano ya pili, iliyotengenezwa kwa mayai ya Nalangu, mashine yake itarudi kuwa mashine, na ataweza kushika simu bila kusema pole.

Kondoo akazaa mapacha. Hapo mke wangu akakosa raha.

"Baba Joram, nimepokea mnyama, amezaa, na mimi mikono yangu iko tupu tu. Mama yangu angeniona hivi angesema nini?"

Nikamwambia apeleke sukari. Alinitazama kama mtu aliyetukana kanisani. Mnyama hulipwa kwa mnyama, alisema, na yeye mnyama aliye naye ni kuku. Nikamkumbusha sharti la Daktari. Akanijibu kwamba hilo amelifikiria, na amelitatua.

Aliingia bandani akachagua jogoo mwekundu, bora kuliko wote, mwenye kifua cha polisi. Nilimwona akiwapita wale wachache wasio na pete. "Hawa siwezi kumpelekea," alisema. "Hawa hawajadungwa, labda wako na hiyo kitu. Huyu ndiye amechanjwa. Huyu ni safi." Akamtia jogoo ndani ya kiondo alichosukiwa na mama yake, kichwa nje, akakaa nacho mapajani mpaka bomani kwa Nalangu.

Nalangu alifurahi kumwona, lakini alipoona kichwa cha jogoo alisita.

"Paker, daktari alikataza. Alisema kuku asiingie."

"Alikataza kuku ya sokoni. Huyu alidungwa na daktari mwenyewe, angalia pete. Mimi naweza kukuletea mgonjwa?"

Nilikuwa kwenye pikapu, dirisha wazi, na nilimwona Nalangu akimtazama jogoo, kisha akimtazama mke wangu. Najua sasa alichokuwa akikipima. Mnyama wa zawadi hakataliwi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, langoni petu, na mke wangu alikuwa ametii. Angewezaje sasa kumrudisha Muthoni na kiondo chake kama mchuuzi? "Ashe oleng," akasema, asante sana, akamtoa jogoo, akafungua mlango wa waya. Kiondo alikipeleka ndani. "Hiki nitakirudisha mwenyewe," alisema, "na hakitakuja tupu. Nimejifunza kwenu." Wakacheka wote wawili, na mimi nikapiga honi kwa sababu giza lilikuwa linaingia na njia ile haina taa.

Miezi miwili mitatu ikapita. Kisha Daktari akatupigia simu, akataka tukutane naye kwa Nalangu. Sauti yake haikuwa ya mwalimu tena.

Alitukuta tumekaa nje tunakunywa chai. Hakukaa. Alisema kwamba mayai ya mwisho aliyochukua hapo yalikuwa yameharibika kwa namna mbaya. Chembe za ini zilianza kufa zenyewe kwenye vyombo vyake kabla hajazitia kirusi chochote. Alikuwa amerudi kupima damu ya kuku, na kuku wa Nalangu sasa walikuwa na adenovirusi kama wa kwingine kote.

"Mama, niambie ukweli," alimwambia Nalangu. "Kuna kuku aliingia hapa?"

"Hakuna," Nalangu akasema haraka. "Labda ni kanga wa porini. Wanakuja kwa waya." Alikuwa ameinuka na kusimama mbele ya mlango wa banda, shuka lake amelitanua kuuziba, na hakumtazama Muthoni hata kidogo. Nilishangaa, kwa sababu Nalangu hasemi uongo. Kumbe alikuwa ameelewa kabla yetu sisi wote, na alikuwa ameamua kuubeba mzigo peke yake.

Daktari alivaa gambuti, akakanyaga maji ya dawa, akaingia. Jogoo mwekundu hakuhitaji kutafutwa. Mguuni alikuwa na bangili ya shanga, nyeupe na nyekundu na buluu, iliyoshonwa kwa mkono. Nalangu alikuwa amempamba kwa heshima ya aliyemtoa. Daktari akamshika, akazisogeza shanga kwa kidole, na chini yake ikatokea pete yake mwenyewe.

Muthoni aliiona. Jambo ambalo siwezi kulisahau ni kwamba alitabasamu. Alisogea mpaka kwenye waya akiwa na uso wa mtu aliyeleta ushahidi wa kumwokoa mwenzake.

"Ah, huyo! Huyo si shida, daktari. Huyo ni wetu, mimi ndiye nilimleta. Yeye alichanjwa! Nilichagua mwenye alichanjwa!"

Daktari alizirudisha shanga juu ya pete. Jogoo alikuwa ametulia chini ya kwapa lake.

"Mama Joram," alisema, "kirusi kilikuwa ndani ya huyu kabla ya sindano. Kuku zako zote zilikuwa nacho, ndiyo maana tulianza na wewe. Sindano inamsaidia asiugue, na inasaidia watoto. Lakini haikifukuzi. Anaendelea kukitoa kwa mavi, na yeye mwenyewe ni mzima hivi unamwona."

"Lakini uliniambia chanjo ni kinga."

"Nilikuambia." Daktari akainamisha kichwa. "Nilikuambia hivyo, na nikaona imetosha. Ningekaa chini nikueleze."

Muthoni hakupiga kelele. Alikaa chini, kwenye vumbi, na gauni lake la kanisani. Nalangu akatoka mlangoni akaja kusimama kati yake na Daktari. "Si yeye," akasema. "Mlango ni yangu. Ni mimi nilifungua."

Majuto ni mjukuu, wanasema. Lakini mjukuu huyo huzaliwa na jeuri, na mimi nimetafuta jeuri katika jambo hili sijaiona. Mmoja hakutaka kukaa na deni la wema. Mwingine hakutaka kukataa zawadi. Kama mmoja wao angekuwa na roho mbaya kidogo tu, kuku wale wangekuwa wasafi mpaka leo.

Daktari alieleza yaliyobaki bila kututazama. Kuku wale wangeweza kuachwa waishi, waliwe kama kuku wengine, lakini mayai yao hayangefaa tena. Ikiwa Nalangu angetaka asaidiwe kuanza upya siku moja, kwa kuangua mayai ya ng'ambo apate kuku wasafi, basi ilibidi wote waondoke, mpaka wa mwisho, na banda lichomwe moto, mahali pake pakae patupu.

"Hiyo ndiyo njia ya Paker kupata sindano?" Nalangu akauliza.

"Ndiyo njia ninayoijua."

"Basi chukua."

Kuku wa mama mkwe wake. Alisema hivyo bila kuwageukia, kwa sababu angewageukia asingesema. Vijana wa maabara wakaanza kuwakamata. Lakini alipofikiwa jogoo mwekundu, Nalangu aliinua mkono.

"Huyu siwezi kusema auawe. Ni ya zawadi. Mpaka mwenye alinipatia aseme."

Wote wakamgeukia mke wangu. Nilitamani kumsemea, lakini jambo hilo halisemewi. Muthoni aliinuka, akapangusa gauni, akamfungua jogoo ile bangili ya shanga, akamrudishia Nalangu. Kisha akasema, "Mchukueni."

Mayai ya ng'ambo hayajafika. Daktari hupiga simu mara moja moja, husema bado anaomba, na mimi namwamini, maana naye amepungua mwili. Sindano ya pili haikupatikana. Muthoni alijaribu kuangua mara moja tena na sindano ile moja, na wiki ya tatu ikaja na mambo yake ya wiki ya tatu. Alizima mashine akaifunika kwa leso yake ya kujifunga.

Kondoo yeye amezidi kustawi. Amezaa tena. Muthoni alinilazimisha siku moja tumpakie yeye na wanawe wote tuwapeleke kwa Nalangu, na tukawapeleka. Banda la kuku lilikuwa duara jeusi chini, nyasi zinaanza kuota. Nalangu hakukubali hata washushwe. "Ukirudisha kondoo unarudisha jina," alisema. "Mimi jina yangu sirudishi." Tukageuza pikapu na kondoo wetu.

Tangu hapo Nalangu hakuja kwetu tena. Watu wakasema wamekosana. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka juzi tulipokutana naye sokoni Kitengela, kwenye vibanda vya mboga. Aliita kwa sauti, watu wote wakageuka: "Paker!" Muthoni aliitika, nikamwona akishika meza ya nyanya kwa mkono mmoja.

Walisalimiana sana, habari za watoto, za mvua, za kondoo. Halafu Nalangu akainama kidogo.

"Paker, kiondo yako bado iko kwangu. Usifikiri nimekutupa. Kila siku nikitaka kukuja naichukua, naangalia ndani, naona sina kitu ya kuweka. Nilikuwa nimesema haitakuja tupu."

Nimeishi na mwanamke huyu tangu nikiwa na nywele, na sijawahi kusikia maneno yaliyomtoka pale.

"Kilete kitupu."

"Tupu?"

"Kitupu, Paker. Wewe kuja tu."

Nalangu akaitikia kwa kichwa, akaenda zake akipenya kati ya watu.

Hajaja bado. Gari likipunguza mwendo barabarani, Muthoni huacha anachofanya akatazama langoni, kisha akaendelea. Msumari wa kiondo uko pale pale ukutani jikoni. Jana nilitaka kuutundikia kofia yangu, akaniambia niitoe.